Herufi za Wadachi

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Mwalimu Bizimana kaja barazani kwangu tena. Ni yule kijana aliyeletwa kuwa mkuu wa shule mpya ya Leta, yaani ya serikali, ile ya matofali kwenye njia ya Goma. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, haraka nyingi. Shule itafunguliwa rasmi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bwana Administrata wa Wabeleji atakuwepo na madamu wake. Bizimana ameambiwa akusanye habari za zamani: shule ya kwanza ilikuwaje, mwalimu alikuwa mtu gani, watu mashuhuri wa Gisenyi ni akina nani. Donc anawatafuta wazee. Na kwa kuwa mimi fundi nina benchi na kivuli, wazee wote wako kwangu.

Shule ya kwanza ilikuwa ya Wadachi, wale Wajerumani, kule bomani kwao. Mwalimu wake alikuwa marehemu baba. Alikuja na msafara kutoka pwani, akafundisha kusoma na kuandika kwa Kiswahili mpaka vita ilipowaondoa Wadachi. Wao wakaenda, yeye akabaki na mama. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni, sikuiona hiyo shule. Lakini leo nimeisikia.

Mmoja kasema baba alikuwa na kiboko chenye jina, Bwana Mdogo, na kila asubuhi wanafunzi walikisalimu kwanza kabla ya kumsalimu yeye. Wa pili kasema siku moja mawimbi yalizidi kelele wakati wa hesabu, baba akateremka ufukweni akalichapa ziwa fimbo kumi na mbili, likanyamaza mpaka saa ya chakula. Wa tatu kasema watoto walipojificha ndani ya mtama, baba alipita pembeni akijisemea kwa sauti kwamba leo kuna chumvi ya bure – wakatoka wenyewe. Hii naweza kuiamini. Chumvi ilikuwa chumvi siku hizo.

Bizimana anaandika yote. Haulizi hata mara moja kama ni kweli. Mtu wa namna hiyo ni kishawishi. Nikamwambia baba alifuga kunguru aliyejua kuhesabu mpaka kumi, ila saba alikuwa anairuka. Kaandika. Kauliza, kwa nini saba? Nikasema kunguru hakueleza.

Mke wangu Nyirasafari alikuwa dirishani. Bizimana alipoondoka akasema baba mkwe wake aliogopa ndege, hata jogoo. Kweli kabisa. Nikaendelea kushona.

Jumanne, 4 Septemba

Kunguru amekua. Mzee mmoja wa sokoni kamwambia Bizimana alimwona kwa macho yake, alikuwa na mguu mmoja. Mwingine kabisha: miguu miwili, jicho moja. Nusura wapigane. Nilikuwa na pini mdomoni, alhamdulillahi, sikulazimika kusema kitu.

Ijumaa, 7 Septemba

Baada ya swala nimempata mteja mkubwa. Mzee Ntawukuriryayo wa Mudende, mwenye ng'ombe, mtoto wa chifu wa zamani. Anataka kostime, koti na suruali yake, ya siku ya shule. Sababu kila mtu anaijua: yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza wa Gisenyi. Hata watoto wanamwonyesha kidole njiani – yule pale, wa kwanza kujua kusoma. Gazeti haliondoki kwapani kwake. Habari ya leo, ya mwaka jana, haidhuru.

Ila mimi nimemjua mzee huyu tangu utoto wangu na sijamsikia akisoma neno. Ukimletea karatasi, lineti zake, miwani, zimebaki Mudende. Ukimwambia ni maandishi makubwa, anasema ni ya Wabeleji. "Mi nilisoma herufi za Wadachi," anasema, "hizi za Wabeleji ni zingine." Watu wanaitikia kwa kichwa. Nani atabisha? Wadachi wameenda na herufi zao.

Nikiwa nampima kiuno Bizimana akaingia, uso unang'aa. Ameleta zawadi. Lineti, kazitafuta mwenyewe Goma. Akamvalisha mzee kwa mikono yake. Zinamkaa vizuri, anafanana na bundi mwenye cheo.

"Sasa Muzee," Bizimana akasema, "siku ile utatusomea mbele ya watu. Ukurasa moja tu."

Mzee akasema kwa upole angependa sana, tatizo ni zile herufi za Wabeleji.

"Hapana tatizo," Bizimana akasema, akanigeukia. "Fundi, si kitabu cha baba yako ungali nacho? Kile cha wakati wa Wadachi?"

Ninacho. Kiko ndani ya sanduku na kofia ya baba. Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Na mkono wangu ulikuwa bado kwenye tumbo la mzee, nikalisikia linaingia ndani, lote. Ikabidi nipime upya.

Jumapili, 9 Septemba

Nimefanya jambo la kitoto. Mzee alirudi kwa kipimo cha koti. Mimi huandika vipimo kwenye kikaratasi na kumpa mteja aone kama ameridhika. Leo niliandika, kwa herufi kubwa: TUMBO LA FAHALI, AKILI YA NDAMA. Nikampa.

Akavaa lineti. Akatazama muda mrefu. Akapitisha kidole chini ya kila neno, taratibu, midomo inacheza.

"Ni vile vile," akasema. "Hukukosea."

Nikaenda nyuma ya nyumba kucheka. Nilipomaliza kucheka haikunipendeza sana. Kidole chake kilikuwa kinapita neno kwa neno, kama mtu anayejua kazi. Kama hajui kabisa, kwa nini midomo inacheza?

Jumatatu, 10 Septemba

Nimetoa kitabu. Kinanuka kafuri. Nikasubiri mzee awe peke yake, nikafungua ukurasa wa kwanza, ule niliosomea hata mimi magotini pa baba: Baba ana bata. Nikamwambia ajaribu tu, hakuna mtu.

Nilidhani atatoa sababu nyingine. Hakutoa. Akaweka kidole, akasoma bila kusita, sauti ya mtu wa barazani:

"Kuku unu kutu."

Nikamwomba arudie. Karudia. Kuku unu kutu, neno kwa neno, hakubadilisha kitu.

Nikauliza maana yake nini. Akatazama ule mstari, akatazama picha ya bata. Akasema pengine ni Kiswahili cha Wadachi wenyewe. Kisha akafunga kitabu, akavua lineti, akaondoka bila kujaribu koti.

Nimekaa nikiifikiria jioni yote. Si kwamba hajui. Anajua kitu. Baba imekuwa kuku. Be ni ke, a ni u, na kila mara ni hivyo hivyo. Mtu hawezi kukosea kwa utaratibu namna hii bila kufundishwa.

Jumatano, 12 Septemba

Nimepata jibu, na ninalia machozi ninapoandika, kwa kicheko.

Nilikwenda sokoni kununua tumbaku kwa mama Mukandutiye. Kila mtu anamwogopa. Kiko hakimtoki mdomoni, na ulimi wake hauna likizo. Alizaliwa katika boma la chifu, yule baba yake Ntawukuriryayo; mama yake alikuwa mfagiaji wa lupango, yaani ua. Mpaka leo anaishi kwenye kiwanja cha familia ile, chini ya kilima. Nikamsimulia kwa utani: mama, Mzee wetu anasoma baba kuwa kuku. Nilitaka acheke tu.

Hakucheka. Akatoa kiko mdomoni. Akauliza polepole: "Na mama, anaisoma namna gani?"

Nikasema hatukufika kwa mama.

"Angekuambia wuwu," akasema. Halafu ndipo akacheka, mpaka akashika mkeka.

Kisa ni hiki. Wadachi walimwambia chifu alete mtoto wake shuleni. Chifu akaogopa. Watu walisema watoto watapelekwa mbali, watafanywa askari, hawatarudi. Machifu wengi waliogopa hivyo, wakapeleka watoto wa watumishi wao. Katika boma lile hakukuwa na mtoto mwingine wa umri ule isipokuwa yeye Mukandutiye, tena msichana.

"Wakaninyoa kichwa," akasema, "wakanifunga kashuka kwa bega kama kijana. Wakaniambia: leo we ni Ntawukuriryayo. Ukiitwa, itika."

Nikauliza kama baba hakujua.

"Alijua siku za kwanza kabisa. Alinituma nipande muti nimukatie fimbo. Nikapanda. Akatazama juu, akatazama chini mbio. Akasema: Ntawukuriryayo, wewe mti basi. Hakunituma tena. Lakini fimbo zenyewe alinipiga kama wengine, hakupunguza."

Baba yangu huyo. Simwoni vingine.

Na jioni, akaendelea, akirudi bomani mgongo unawaka, yule kijana mwenyewe alikuwa anamngoja kwenye kigoda, maziwa bado kwenye mdomo. "Ananiambia: leta ya leo. Kama vile nimetoka kisimani na maji. Mi napigwa, yeye anajua? Bon. Nikamuletea. Nikachanganya. Hii nilimuambia ni ile, ile ni hii. Zingine niliacha za kweli. Uongo mutupu haukai, Fundi, lazima uutie chumvi ya kweli kidogo."

Miaka zaidi ya arobaini. Mzee wa watu hajawahi kujua.

Nilipoinuka akanishika shati. Nisithubutu kumwambia. Nikimwambia, yeye atakwenda kwa Bizimana kusema ni nani aliyemtunga kunguru.

Jumamosi, 15 Septemba

Leo sikucheka.

Ntawukuriryayo amekuja peke yake, bila mtu wa kumshikia mwavuli. Akakaa kwenye benchi. Gazeti hana. Akasema: "Fundi, kichwa yangu iliharibika."

Akaeleza. Ana aibu ya jambo moja dogo: kule shuleni hakukaa yeye, alikaa mtu mwingine kwa jina lake, lakini masomo aliyapata, jioni kwa jioni, na alikuwa hodari. Herufi zote alizishika. Halafu Wabeleji walipokuja akachukua karatasi yao ya kwanza, akasoma, ikatoka takataka. Akadhani ni herufi zao. Lakini mwaka hata mwaka amekuwa akijifungia nyumbani na gazeti, anajaribu, inatoka takataka. Na sasa kitabu cha Wadachi wenyewe: takataka. Basi si herufi. Ni kichwa. Labda marehemu baba yake alikasirika. Labda ni ugonjwa. Hajamwambia mtu, hata mke wake.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nilikuwa najua zote, Fundi. Zilienda wapi?"

Atamwambia Bizimana ni mgonjwa, siku ile atabaki Mudende.

Nilikuwa na mkono wa koti lake magotini. Nikafikiria kile kikaratasi cha ndama na uso ukaniwaka. Mtu amebeba aibu isiyo yake tangu ujana, na dawa yake inauza tumbaku sokoni.

Nikamwambia asiseme kitu kwa Bizimana. Aje Jumanne kujaribu suruali. Kuna mtu aliyesoma kwa baba yangu, atatusaidia.

"Wote wamekufa," akasema.

Nikasema amebaki mmoja.

Jumanne, 18 Septemba

Kunguru na aruke, nilijisemea. Nikamwita mama Mukandutiye aje apime blauzi.

Alipoingia akamkuta mzee amesimama katikati ya chumba na suruali iliyojaa pini, uzi mweupe, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Akaelewa mara moja. Akanitazama, na katika jicho lile nilimwona kunguru akiwa na miguu yake yote. Nikafungua kitabu, nikamwomba asome mstari wa kwanza.

Akasoma, kiko mdomoni, bila hata kuinama:

"Baba ana bata."

"Hapana," Mzee akasema. "Ni kuku."

"Ni baba."

"Ni we ulinifundisha kuku."

"Ndiyo," akasema. "Ni mi."

Mzee hakuwa mjinga. Niliona inamwingia, herufi moja moja. Alitazama kitabu, akamtazama yeye, akatazama mikono yake mwenyewe. Akauliza: "Kwa nini?"

"Nilipigwa kwa jina lako," mama Mukandutiye akasema. Hakupandisha sauti. "Ukaniambia niongeze na kukuletea. Hukuuliza hata siku moja mugongo iko namna gani."

Mzee akatoka. Hivyo hivyo alivyo. Mwanafunzi wa kwanza wa Gisenyi akapita katikati ya soko na suruali ya pini, na uzi mweupe unamfuata nyuma. Watu wakasimama kumsalimu kwa heshima. Alifika karibu na msikiti pini zikamshinda. Hawezi kukaa, hawezi kwenda, kurudi kwangu hataki. Akanitumia mtu kuchukua nguo zake.

Mama Mukandutiye alibaki. Akasema blauzi anaitaka kweli, na mikono iwe mirefu.

Ijumaa, 21 Septemba

Mzee kapanda Mudende. Hakuna habari. Bizimana anaulizia mazoezi, namwambia yanaendelea.

Nimepita kwa mama Mukandutiye. Amekunja mikeka yake. Vyungu viko nje vimefungwa kamba. Kiwanja ni cha Ntawukuriryayo, akisema ondoka ataondoka, ndiyo desturi, na yeye hapendi kufukuzwa vitu vikiwa vimetawanyika. Ataenda kwa binti yake upande wa Goma. Alisema haya huku anapepeta maharage, kama habari ya mvua.

Nikasema ni kosa langu.

"Ni lako, eh," akasema. "Shika hapa." Nikashika kamba, akafunga.

Nyumbani Nyirasafari haniongeleshi isipokuwa mambo ya chumvi na kuni. Anasema nilianza na kunguru, nitamaliza na mjane njiani.

Jumapili, 23 Septemba

Nilikuwa nafagia baraza nikamwona Ntawukuriryayo anashuka. Kwa miguu. Mkononi amebeba icyansi, chombo cha mti cha maziwa, kimefunikwa na kifuniko chake cha kusuka. Amekibeba mwenyewe kutoka Mudende. Mtu wa cheo kile habebi kitu, anabebewa.

Akaingia, akakiweka juu ya mashini yangu. Akasema nimwite.

Nyirasafari ndiye aliyekwenda. Mama Mukandutiye akaja na kamba bado kiunoni. Akasimama mlangoni, haingii, hatoki. Mzee akachukua kile chombo kwa mikono miwili akamnyooshea.

"Nilikunywa peke yangu," akasema.

Basi. Hakuna hotuba. Mama Mukandutiye akapokea. Akanywa yote, taratibu, bila kupumzika, na alipomaliza hakujifuta. Akabaki na alama nyeupe juu ya mdomo, akakaa kwenye kigoda changu. Mzee alibaki amesimama.

"Yewe. Kaa chini," akamwambia. "Fundi, leta kitabu. Hii ni a. Si u. Sema."

"A," akasema Mzee.

Nikaenda kujifanya natafuta mkasi.

Alhamisi, 27 Septemba

Masomo kila siku, nyuma ya pazia langu. Bizimana akifika nasema Mzee anajaribu nguo. Amejaribu nguo mpaka zimechakaa.

Shida si kujifunza, shida ni kusahau. Kila akiona be, mdomo unakwenda ke wenyewe. Anajikasirikia. Mama Mukandutiye hana huruma, anampiga kidole kwa shina la kiko. Jana walifanya jina lake. Saa nzima. "Wangekuita Gato ningekuwa nimemaliza," akalalamika. "Jina yako ni shule nzima." Kisha akaliandika juu ya vumbi la sakafu, lote, Ntawukuriryayo, mkono haukusita. Akasema lile ndilo neno la kwanza aliloandika maishani. Alichapwa mpaka akaliweza. Lake mwenyewe baba hakumfundisha, alijitafutia baadaye.

Mzee alilitazama lile jina kwenye vumbi muda mrefu. Hakuna aliyelifagia mpaka jioni.

Leo nilitoa shauri la busara. Ukurasa mmoja si mrefu. Akariri tu kwa kichwa, ashike kitabu, asome kama kasuku, nani atajua? Mama Mukandutiye akakubali. Mzee akakataa.

"Toka zamani nilidanganya bila kujua," akasema. "Sasa nidanganye nikijua?"

Tukamuuliza basi atafanya nini Jumamosi. Akasema kostime imekaa vizuri, ahsante.

Jumamosi, 29 Septemba

Nimerudi sasa hivi, sijavua hata koti. Naandika kabla haijachanganyika.

Watu walijaa mpaka barabarani. Bendera, viti, watoto kwa mistari. Bizimana akaanza kusoma habari zake za zamani, kwa Kinyarwanda, kisha Kiswahili, kisha Kifaransa. Kiboko Bwana Mdogo. Ziwa kuchapwa. Na kunguru. Nilitazama viatu vyangu. Bwana Administrata alimpenda kunguru kupita yote, akataka kujua ilikuwaje kuhusu saba. Wazee watatu wakasimama kutoa ushahidi. Wa tatu akalia kidogo. Nyirasafari alinikanyaga mguu na hakuutoa.

Kisha akaitwa mwanafunzi wa kwanza. Makofi. Ntawukuriryayo akapanda jukwaani ndani ya kostime yangu – nasema mwenyewe, bega halina kosa. Akavaa lineti. Akafungua kitabu cha baba. Akatazama ukurasa. Nikaona kidole kinashuka, midomo inacheza, nikaomba isiwe kuku.

Akasoma: "Ba-ba." Akapumua. "A-na." Akakaa sana kwenye lile la tatu. "Ba-ta."

Makofi mpaka ziwani. Bizimana akanyoosha mkono kupokea kitabu. Mzee hakumpa. Akavua lineti.

"Nimejua hii wiki hii," akasema. "Shule ya Wadachi mi sikukaa hata siku moja. Aliyekaa kwa jina yangu ni ule pale. Mukandutiye. Yeye ndiye wa kwanza."

Akamwonyesha kwa mkono mzima, kama unavyomwonyesha mtu mkubwa.

Watu wote wakageuka. Mama Mukandutiye yuko chini ya ukuta, blauzi mpya, mikono mirefu, kiko. Nilidhani atainuka. Akaangalia watu, akaangalia jukwaa.

"Muzee anacheka na watu," akasema. "Mi ni mwanamuke wa kufagia lupango. Nani alinipeleka shule?"

Kicheko. Watu walicheka mpaka wakashikana. Bizimana akacheka pia, akamweleza Bwana Administrata kwa Kifaransa kwamba huyu mzee ni mnyenyekevu sana, na ni mtu wa utani. Bwana Administrata akampa mkono mara mbili. Mzee alisimama pale na ukweli wake mkononi, hakuna anayeupokea. Sijapata kuona mtu mwenye hasira namna ile akipigiwa makofi.

Wamenifuata nyumbani wote wawili, wanagombana njia nzima. Nilimuuliza mama Mukandutiye kwa nini amekataa. Alikuwa anajaza kiko.

"Wakati nilipotaka makofi nilipata fimbo," akasema. "Sasa wabaki na makofi yao." Kisha akaongeza kwamba tena angekubali, kesho mji mzima ungemletea barua zao awasomee bure. Sijui ipi kati ya mbili ni ya kweli. Pengine moja ni chumvi.

Bizimana yuko barazani. Kaja mwenyewe, hana kicheko tena. Anasema jambo moja linamsumbua: mbona Mzee alivyosoma alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza? Ana kalamu mkononi, kaniambia nimweleze kweli tupu. Nimempa chai. Nyirasafari anamwangalia kama anayetaka kuanza na kunguru.

Nyuma ya pazia wameshaanza. Mzee amesema hatoki leo mpaka amalize ukurasa wa pili. Nawasikia. Wamefika kwenye samaki. Mama Mukandutiye anamwambia herufi ya kwanza ni fe. Mzee anasema haiwezekani, fe aliiona juu ya mlango wangu, kwenye neno FUNDI, haina mikunjo kama nyoka. Mama anasema fe ziko mbili.

Wananiita. Wameniita tena. Nimefungua pazia, kalamu bado mkononi, na Bizimana ameinuka nyuma yangu. Mzee amenielekezea kitabu, kidole kwenye herufi, lineti zimeshuka puani, ananingoja mimi niseme. Ni se. Naiona vizuri kutoka hapa. Na mama Mukandutiye, kwa upande asioweza kuonwa na Mzee, amenifungia jicho moja.